Mchujo wa Marekani: mwanamageuzi anapomvaa kigogo wa chama chake

Marekani, mbunge hapitishwi moja kwa moja kutetea kiti chake. Mwanachama mwenzake anaweza kumvaa kwenye mchujo, zile ambazo Tanzania huitwa kura za maoni. Katika Chama cha Democratic, wanaofanya hivyo mara nyingi ni wanamageuzi wa mrengo wa kushoto, wasio na baraka za wakubwa.

Mbinu hii ina nguvu kwa sababu majimbo mengi ni ngome za chama kimoja. Ukishinda mchujo, ubunge umeshaupata. Uchaguzi mkuu wa Novemba ni kukamilisha ratiba tu. Na wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache mno. Juni 26, 2018, katika jimbo la 14 la New York, linalochukua sehemu za Bronx na Queens, Alexandria Ocasio-Cortez, mwenye miaka 28 na aliyewahi kuwa mhudumu wa baa, alimwangusha Joe Crowley, mtu wa nne kwa cheo kati ya Wademocrat wa Baraza la Wawakilishi. Kura zote hazikufika 30,000! Crowley alikuwa na fedha nyingi kuliko yeye, lakini tangu 2004 hakuwa amepata mpinzani kwenye mchujo. Vijana wa Ocasio-Cortez walipita nyumba kwa nyumba wakinadi bima ya afya ya serikali kwa kila mtu.

Ushindi huo hakuna kikao cha chama kinachoweza kuukata, na hapo ndipo ninapowaonea wivu wapiga kura wao. Kwetu Tanzania, aliyeongoza kura za maoni bado husubiri vikao vya juu, na jina linaweza kurudi la mwingine.

Vigogo nao hawalali. Mwaka 2019 kamati ya kampeni za ubunge ya Wademocrat iliwasusia washauri wa kampeni waliowasaidia wapinzani wa wabunge waliopo. Msimamo huo uliondolewa 2021. Fedha nazo zina kishindo: mwanamageuzi Jamaal Bowman, aliyemng'oa mbunge mkongwe Eliot Engel kwenye mchujo wa 2020, aling'olewa mwenyewe kwenye mchujo wa 2024 baada ya kundi lenye uhusiano na AIPAC, shirika la Marekani linaloitetea Israel, kumwaga zaidi ya dola milioni 14.

Juni 2025 mwanamageuzi mwingine, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alimshinda gavana wa zamani Andrew Cuomo kwenye mchujo wa umeya wa New York. Cuomo akarudi Novemba kama mgombea binafsi. Akashindwa tena.