Kukariri "ba be bi bo bu" bado si kusoma

"Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia mpe programu yoyote ya foniksi, atasoma tu." Disleksia ni ugumu wa kujifunza kusoma usiotokana na uvivu; foniksi ni kufundisha kusoma kwa kuunganisha herufi na sauti zake. Kauli hii inarudi kila muhula, na kila inaporudi kuna mtoto aliyefika darasa la tatu anaitwa mvivu. Siku hizi inakuja na nyongeza: mzazi anauliza kama anunue kifurushi cha Kiingereza, kwa kuwa eti sauti ni sauti.

Asinunue. Programu nyingi za Uingereza huanza na s, a, t, i, p, n kwa sababu herufi hizo huzaa haraka maneno mafupi kama "sat" na "pin". Silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Tena katika programu hizo a ni ya "ant" na u ni ya "cup". Mtoto ambaye shida yake hasa ni kuifunga herufi na sauti yake anapewa sauti mbili za herufi moja kabla hajashika hata moja. Kama anaanza kusoma kwa Kiswahili, programu iwe ya Kiswahili.

Ya Kiswahili nayo ichunguzwe. Nyingi ni chati ya silabi na wimbo wake. Darasa zima linaimba, kidole kinateleza juu ya chati, macho hayasomi kitu. Kupima ni rahisi: andika silabi 20 kwenye kadi, zichanganye, umwonyeshe moja moja. Akiiona bu akaanza kunong'ona "ba, be, bi, bo..." mpaka aifikie, hajaijua bu, ameujua wimbo. Kisha mpe maneno kumi yasiyo na maana: tufo, kemu, dabe, lonu. Hayo hawezi kuyabahatisha kwa kuangalia picha wala kuyakumbuka. Akikosa zaidi ya mawili, usimpeleke mbele. Programu isiyo na kipimo cha namna hii, inayohama herufi kila Jumatatu bila kujali nani ameshika, iache hata kama vitabu vyake vinapendeza.

Mpangilio wa herufi una maana kuliko rangi za kurasa. Anza na konsonanti zinazovutika, m, s, l, n, maana mwalimu anaweza kutamka mmmaaa bila kukata, mtoto akasikia muungano wenyewe. B na t hazivutiki. Ukijaribu unapata "be-a", naye mtoto anashindwa kuona "ba" imetoka wapi. Kwa a, i, o na m, s, l, k, t tu, tayari una soma, lala, mlima, kiti, mtoto, simama, katika. B na d zitenganishwe kwa wiki kadhaa. Kabla ya kulipa, fungua hadithi ya wiki ya tatu uhesabu maneno yenye herufi ambazo hazijafundishwa. Yakiwa mengi, mtoto anafundishwa kubahatisha.

Sasa lile linaloniudhi hasa. Si kweli kila mara kwamba tunasoma kama tunavyoandika. Mbuzi ni mbu-zi, lakini mbu mwenyewe ni m-bu. Mbali ni mba-li, mbunge ni m-bu-nge. Mbuni akiwa ndege ni mbu-ni. Akiwa mti wa kahawa, au mtu anayebuni, ni m-bu-ni. Hakuna alama yoyote kwenye maandishi inayokuambia. Msomaji wa kawaida hupita bila kujua kuna kizingiti, kwa sababu neno analo kichwani na sikio linamsahihisha. Mwenye disleksia anasimama hapo hapo, anaambiwa "soma vizuri". Programu nzuri huanza na m inayosimama peke yake (m-ti, m-tu, m-to), mtoto akipiga kofi mbili. Baadaye sana ndipo inaleta mb, nd, ng na nj za kuambatana, na inamfundisha kujaribu njia zote mbili kisha kuuliza ni ipi iliyotoa neno analolijua. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe zisikae somo moja.

Jingine: kwa lugha zenye tahajia nyoofu kama Kiitaliano na Kijerumani, disleksia hujitokeza zaidi kwa kusoma polepole kuliko kwa makosa. Kwetu naona vivyo hivyo. Mtoto anasoma a-ta-ka-po-tu-so-me-a bila kosa, akifika mwisho mwanzo umeshapotea. Kwa hiyo pima muda pia. Kenya iliweka kigezo cha darasa la pili kuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, na haishangazi, maneno yetu ni marefu. Programu ikatize vitenzi kwa viambishi, ataka-po-tu-somea, na kifungu kimoja kirudiwe mara tatu.

Kuchora herufi kwenye mchanga huku ukitamka nakutumia, lakini sikuuzii kama dawa. Uchambuzi wa tafiti za mbinu ya Orton-Gillingham, inayofundisha kusoma kwa macho, masikio na mikono kwa pamoja, uliochapishwa Marekani mwaka 2021 haukukuta manufaa yaliyo dhahiri kitakwimu. Pia wapo watoto ambao hawatenganishi kamwe b na a ndani ya "ba", na bado wanasoma kwa silabi nzima. Hao siwalazimishi tena, ingawa vitabu vinataka niwalazimishe. Miwani ya rangi inayouzwa kwa wenye disleksia achana nayo; mpime macho na masikio hospitali.

Kipimo cha chini ni dakika 30, siku nne kwa wiki, watoto wasiozidi watatu. Baada ya wiki nane rudia kadi zile zile. Alama zake zisiposogea, kagua kwanza daftari la mahudhurio, ndipo uamue kubadilisha programu.