Panya Yule Hakuletwa kwa Boti

Katika kikao cha asubuhi hapa Kigoma nimeambiwa tena, safari hii na kijana mwerevu ambaye sikutegemea aseme hivyo, kwamba sepsisi, yaani maambukizi yanayoelemea mwili mzima na kuharibu viungo, ni inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili) iliyopitiliza, kwamba dawa za kuizima zimekwisha kuwaponya panya, na kwamba kilichobaki ni sisi kuthubutu. Kabla ya kuja wodini nilifanya kazi miaka kadhaa katika maabara ya wanyama, kwa hiyo nawajua panya hao.

Ni kweli walipona, lakini waliponaje? Katika jaribio mashuhuri la mwaka 1987, ambalo kwa hakika lilifanywa kwa nyani, kingamwili dhidi ya TNF, kemikali ya mwili inayochochea inflamesheni, ziliwakinga kikamilifu pale zilipotangulia bakteria kwa saa mbili. Zilipotangulia kwa saa moja tu, ziliwaepusha na mshtuko, yaani kuporomoka kwa presha, bila kuviokoa viungo vyao. Narudia neno hilo kwa sababu ndilo linalorukwa kila mara: zilitangulia. TNF hufika kileleni takribani dakika tisini baada ya endotoksini, yaani sumu ya bakteria, kuingia mwilini, ilhali mgonjwa wetu hushinda na homa kijijini siku tatu, hununua vidonge dukani, ndipo ndugu humpakia kwenye boti kumleta mjini. Ni nani atakayemchoma sindano saa mbili kabla hajaugua?

Endotoksini yenyewe, ambayo ndiyo wanayodungwa panya wengi wa maabara, nayo si sepsisi. Panya huhitaji miligramu kwa kila kilo ili afe, ilhali binadamu hutetemeka kwa nanogramu chache tu. Tena mnyama aliyedungwa sumu hana bakteria wanaozaliana ndani yake, kwa hiyo kumnyamazishia kinga hakumgharimu kitu. Mara utumbo unapofungwa na kutobolewa ili kinyesi kivuje tumboni, kama inavyofanyika katika modeli ya kumwigizia mnyama sepsisi iliyoelezwa mwaka 1980, kuizuia TNF hakuokoi. Kwa wagonjwa hali ilikuwa mbaya zaidi: katika jaribio lililochapishwa mwaka 1996, vifo vilikuwa asilimia 30 kwa waliopewa dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na tiba ndani yake, na asilimia 53 kwa waliopewa dozi kubwa ya dawa ya kuizuia TNF.

Hata hivyo simtupi panya. Mwaka 2013 watafiti walidai kwamba jeni zake zinafanana kidogo mno na zetu katika kuitikia inflamesheni. Muda si mrefu wengine wakachambua takwimu zile zile na kukuta kwamba zinafanana sana. Nimewahi kuamini upande wa kwanza, kisha wa pili, na leo nadhani tulimwuliza panya kijana, mwenye afya, asiyepewa antibiotiki wala dripu, swali lisilomhusu mgonjwa wetu. Nashuku pia kwamba wapo wagonjwa wachache ambao dawa hizo zingewafaa kweli, lakini nikisimama kando ya kitanda na kipimajoto, mashine ya presha na jibu la damu lililochelewa, sina njia ya kumtambua hata mmoja wao.