Tafsiri ikirudi vizuri haimaanishi mgonjwa ameelewa

Wiki hii tena nimeletewa dodoso la wagonjwa wa mguu na maneno yaleyale: "Tumeshalitafsiri, tukalirudisha kwa Kiingereza, limefanana kabisa na la mwanzo, liko tayari." Jamani, haliko tayari. Nimelisema hili mdomoni mpaka nimechoka, leo naliandika.

Tuanze na neno mguu lenyewe. Kiingereza kina neno la kuanzia nyonga hadi chini na lingine la kuanzia kifundo kushuka, sisi yote ni mguu. Mtafsiri anaandika "mguu wako unauma kiasi gani", anayerudisha anaona kichwa cha fomu kinataja kifundo, basi anaandika lile neno la sehemu ya chini, kamati inapitisha. Afu unakaa na mama mmoja, unamsomea swali, unamwambia nionyeshe panapouma, anashika goti. Kisigino chake kweli kina shida, ndicho kilichomleta, ila wiki hiyo goti ndo lilimsumbua zaidi na swali letu lilimruhusu kulijibia. Kuna wanaoniambia niandike unyayo, lakini kwa watu wengi unyayo ni pale chini tu panapokanyaga, mwenye maumivu kwa juu atajibu hana shida. Siku hizi naandika "sehemu ya mguu kuanzia kwenye kifundo hadi vidoleni" na naweka mchoro uliotiwa rangi. Ni refu, linachosha kusoma, sina bora kuliko hilo.

Mfano mwingine. FAOS, dodoso la matatizo ya kifundo na sehemu ya mguu iliyo chini yake, ina swali kuhusu kiungo kukwama wakati kinasogea. Tafsiri moja niliyopewa iliuliza "mguu wako hunasa?" na ukiirudisha Kiingereza inatoka safi kabisa. Mgonjwa akaniuliza, unanasa kwenye nini, matope? Na hakukosea yeye, maana swali linataka kujua kama kiungo kinagoma katikati ya mwendo halafu kinaachia, na hakuna kitu kama hicho kwenye sentensi aliyosomewa. Hapa ndo penye kuniudhi: tafsiri ya neno kwa neno ndiyo inayorudi vizuri kuliko zote! Ukiifanya tafsiri ya kurudi iwe hakimu, unaipa ushindi ile iliyo mbovu.

Hatua zenyewe za kutafsiri dodoso zinajulikana, mwongozo wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000 umezipanga: wawili wanatafsiri, mnaunganisha, wawili wasiolijua dodoso la asili wanarudisha, kamati inakaa, kisha mnalijaribu kwa watu 30 hadi 40. Hiyo ya mwisho ndo inarukwa, au wanagawa fomu na kukusanya basi. Kaa na mtu, muulize kila swali, "kwa maneno yako, hapa umeulizwa nini?"

Na usiniletee alfa ya Cronbach, ile namba ya takwimu inayoonyesha majibu ya maswali yanaendana kiasi gani, kama ngao. Sehemu ya shughuli za kila siku kwenye FAOS ina maswali 17 yanayofanana fanana, alfa itakuwa juu tu, ikizidi 0.95 mimi nashuku maswali yanarudiana. Halafu wagonjwa wako wote wakijibu kuhusu goti, alfa itatoka nzuri vilevile.

Sasa yanayonisumbua mimi mwenyewe. FAOS inauliza ugumu wa kuingia na kutoka kwenye bafu la kujilaza. Mtu anayeoga amesimama maisha yake yote anajibu "hakuna ugumu", na alama zake zinapanda kuelekea 100, yaani hana tatizo, wakati kitu chenyewe hajawahi kukifanya. Nikibadilisha swali, siwezi tena kulinganisha alama zangu kirahisi na za nchi nyingine. Nikiliacha, najua napima uongo. Nimeshaamua huku, na nimeshaamua kule, na sijaridhika hata mara moja.

Lingine ni kusomewa. Dodoso limetengenezwa mgonjwa ajaze mwenyewe, kimya. Akisomewa na muuguzi aliyemfunga bandeji asubuhi, anaona aibu kusema bado anaumia sana, anachagua jibu la katikati. Kwenye fomu zangu kuna kisanduku cha kuweka alama kama alisoma mwenyewe au alisomewa, na wakati wa uchambuzi nawatenganisha, hata kama kundi linakuwa dogo na mtu wa takwimu ananung'unika.