Klasta umeifuta, mbona bili bado inakuja?

Swali hili naulizwa sana hapa Mwanza, hasa na vijana wanaotengeneza mifumo ya mauzo kwa wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Wanawasha klasta ya Kubernetes (kundi la seva za kukodi zinazoendesha programu kwa pamoja) kwa majaribio, mteja akighairi wanaifuta, na mwisho wa mwezi kadi inakatwa tena.

Tatizo liko kwenye mpangilio wa kufuta. Unapoomba diski au lodi balansa (kigawanya maombi ya watumiaji kati ya seva) ndani ya Kubernetes, klasta ndiyo inayokwenda kwa mtoa huduma wa wingu, hapa ni AWS ya Amazon, kukuombea, na ndiyo yenye kazi ya kurudisha. Ukianza kuifuta yenyewe, ni sawa na kumtimua msimamizi wa kambi ya dagaa kabla hajakusanya nyavu na karabai. Terraform, zana ya kuumba na kufuta miundombinu kwa msimbo, nayo haikuokoi, maana inafuta ilichokiumba yenyewe tu.

Kwa hiyo anzia ndani. Piga amri `kubectl get svc,ingress -A` uone huduma na njia za kuingilia kutoka nje, futa zote zilizozaa lodi balansa, kisha subiri mpaka zitoweke upande wa AWS, si kwenye skrini yako tu. Ndipo upige `kubectl get pvc -A` uone maombi ya diski (PVC). Hapo usikimbie. Diski yenye sera ya `Delete` hufutwa pamoja na ombi lake la PVC. Yenye `Retain` hubaki hata ukifuata utaratibu wote. Mara nyingi `Retain` imewekwa makusudi na mtu aliyehofia kupoteza data ya mauzo, basi muulize kwanza, au chukua snapshoti (nakala ya diski) ndipo ufute.

Na kama klasta ilishakwenda? Fungua orodha ya diski, chuja zenye hali ya `available`, yaani hazijashikwa na seva yoyote. Soma lebo zake: mara nyingi utakuta `kubernetes.io/created-for/pvc/name`, na jina lililo mbele yake litakuambia ilikuwa ya kazi gani. Rudia kila kanda ya AWS (eneo lenye vituo vyake vya data) uliyowahi kugusa. Watu husafisha Cape Town wakasahau kwamba majaribio ya kwanza waliyafanyia Virginia.

Hela zenyewe si za kupuuza. Kwa bei za Virginia, diski ya aina ya gp3 ya GB 500 ni kama dola 40 kwa mwezi, hata ikiwa tupu. NAT geti wei (mlango wa seva za ndani kwenda intaneti) ni dola 0.045 kwa saa, zaidi ya dola 32 kwa mwezi kabla hujapitisha data yoyote. Tangu Februari 2024, AWS hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya umma, iwe inatumika au imekaa tu.

VPC (mtandao wako binafsi ndani ya AWS) ikigoma kufutika na kukuletea `DependencyViolation`, usihangaike nayo. Tafuta lodi balansa au kadi ya mtandao iliyobaki ndani yake. Kuna kitu bado kimeishikilia.

Mwisho ni logi za CloudWatch (kumbukumbu za mifumo zinazohifadhiwa na AWS), ambazo usipoziwekea muda hazifutiki kamwe. Ukishamaliza, acha siku moja ipite ndipo uangalie Cost Explorer, ukurasa wa AWS wa gharama, kwa sababu takwimu zake huchelewa.