Jina la babu halikubadilishwa Ellis Island

Familia nyingi za Marekani huamini karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, alishindwa kuliandika jina la babu yao akambandika jingine. Si kweli. Orodha ya abiria ilijazwa na kampuni ya meli kabla ya safari, kule Hamburg au Liverpool. Mkaguzi aliihakiki tu. Wengi walijibadilishia majina wenyewe baadaye.

Kwa hiyo ukimtafuta babu, anza na faili la maombi yake ya uraia wa Marekani. La baada ya Septemba 1906 hutaja mahali pa kuzaliwa, meli na tarehe ya kufika. Ndipo uisome orodha ya meli hiyo mstari kwa mstari, maana faharasa hukosea miandiko. Kuanzia 1907 kuna safu ya ndugu aliyebaki nyumbani pamoja na anwani. Fungua na ukurasa wa pili, ambao wengi huuruka: safu ya mwisho hutaja alikozaliwa abiria.