Old Fashioned ni nini hasa, na mbona maji ni lazima

Shem wangu alikuja Kisumu kutoka Nakuru wikendi iliyopita, tukakaa nje jua likizama upande wa ziwa, akaniuliza swali nimeulizwa mara nyingi sana: hii kitu wanaita Old Fashioned ni aina ya wiski ama ni nini? Aliniuliza juu alikuwa ameagiza mahali fulani akaletewa glasi ndefu imejaa soda hadi juu, cheri nyekundu mbili zinaelea, na bei yake ungenunua kuku mzima. Nikamwambia shem, pole, ulinunua soda yenye wiski ndani.

Old Fashioned si aina ya wiski. Ni koktel, na kusema kweli ndio ile koktel yenyewe ya kwanza, na hapa ndio utamu wa hili jina ulipo. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York kule Marekani, liliandika neno koktel na msomaji akauliza ni mnyama gani huyo, mhariri akajibu kwamba ni kinywaji cha pombe kali yoyote, sukari, maji na bitas, yaani yale matone machungu ya mizizi. Basi. Vitu vinne. Siku hizi tunaita koktel chochote kilichochanganywa, ata juisi ya embe na vodka, lakini wakati huo koktel ilikuwa hiyo tu.

Miaka ikasonga, wauza baa wakaanza kuongeza madoido, mara pombe tamu ya machungwa, mara vermouth, mara absinthe, na wazee waliozoea ile ya kwanza wakawa wanafika kaunta na kusema nipe koktel ya kizamani. Old Fashioned maana yake ni hiyo tu, "ya kizamani". Yaani jina la kinywaji ni ombi la mteja aliyechoka na madoido! Kuna watu watakwambia ilibuniwa kwa Pendennis Club kule Louisville, lakini klabu hiyo ilianzishwa 1881 na gazeti la Chicago lilikuwa limeshataja koktel za kizamani 1880, kwa hivyo mimi hiyo hadithi siikubali.

Sasa rudi kwa vile vitu vinne uone kile watu husahau. Wiski wanaikumbuka, sukari wanaikumbuka, bitas wanauliza ni nini, lakini maji hakuna mtu huyahesabu. Wanadhani maji ni kuharibu wiski. Hapana. Maji ni kiungo kama chumvi kwa ugali wa mtu anayeweka chumvi, na mengi yake hayatoki kwa jagi, yanatoka kwa barafu inayoyeyuka ukikoroga. Wiski ya asilimia 40 inachoma, pua inakamata pombe kwanza na harufu zingine zinajificha, ukiongeza maji kidogo ule moshi na vanila vinatokea. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Linnaeus University kule Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, waliifuatilia kwa kompyuta wakaona ile molekuli inayoleta ladha ya moshi, guaiacol, pombe ikiwa kali sana inazama ndani ya kinywaji, lakini ikipunguzwa kwa maji inapanda juu kabisa, pale pua na ulimi vinaikuta.

Ndio maana Kisumu lazima ufikirie barafu kuliko mtu wa Nakuru. Kwao jioni ni baridi, hapa kwetu mwezi wa pili ukitoa barafu kwa friza unageuka kutafuta kijiko unarudi unakuta dimbwi. Vile vipande vidogo vinaguswa na wiski pande nyingi kwa hivyo vinayeyuka haraka, kipande kimoja kikubwa chenye uzito sawa kinayeyuka polepole. Mimi natumia kikopo kitupu cha majarini, nakiosha vizuri mpaka harufu iishe, naweka maji usiku, asubuhi nina jiwe la barafu linalojaza glasi.

Nilimtengenezea shem hivi. Kijiko kidogo cha sukari ya kahawia, hii yetu ya ukanda wa miwa huku Muhoroni, nikaweka kwa glasi fupi pamoja na maji ya kijiko kimoja na matone ya bitas, nikasugua na mgongo wa kijiko mpaka chenga zisisikike tena chini ya glasi. Hapo usiharakishe, juu sukari haipendi kuyeyuka kwa pombe, ukimwaga wiski mapema itakaa chini kama mchanga na funda la mwisho litakuwa sharubati. Sukari guru pia inafaa ukiiponda, inaleta ladha nzito mimi naipenda zaidi.

Bitas nayo ni mizizi na maganda yaliyolowekwa kwa pombe kali. Inayojulikana zaidi ni Angostura, daktari Mjerumani Johann Siegert aliitengeneza 1824 akiwa Venezuela na jeshi la Simón Bolívar kama dawa, leo inatoka Trinidad. Tone moja kwa kiganja ukilamba utakunja uso kama umepewa mwarobaini, kwa hivyo mitikiso miwili mitatu ya chupa inatosha.

Kisha wiski mililita 60, yaani tot mbili za 30. Natumia bourbon ya Marekani, ambayo sheria yao inataka iwe na mahindi angalau asilimia 51 na ikae kwa mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, vanila inatoka hapo. Chupa hakikisha ina stika ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na uiskani na programu ya Soma Label, hapo sitanii, pombe feki imepofusha watu na kuua wengine. Weka jiwe la barafu, koroga polepole kama sekunde 30, Kisumu 20.

Mwisho ganda la chungwa. Machungwa yetu ni ya kijani ata yakiiva, juu usiku wa huku hauna baridi ya kutosha kuondoa ile rangi, lakini mafuta yapo. Kata kipande bila ile nyeupe chungu, likunje juu ya glasi. Shem hakuamini kuna mafuta, nikasogea mbali na chupa nikalikunja lingine mbele ya mshumaa, moto ukaruka cheche ndogo na meza nzima ikanukia chungwa.

Na msiinywe kama soda. Hizo mililita 60 zina pombe tupu mililita 24, bia ya nusu lita ya asilimia 4.2 ina 21, kwa hivyo glasi moja ya hii fupi inaipita bia nzima, na mwenye kuendesha asiiguse.

Shem alionja akasema bado ni kali. Nikamwambia iache kidogo, tupige stori. Baada ya dakika kumi hivi akainua tena, barafu imeshapungua kingo, akanywa funda dogo, akaangalia glasi, akauliza ni nini nimeongeza.