Milango ya Nairobi: Majengo Mashuhuri na Watu Waliozuiwa Kuyaingia

Ninafundisha historia ya miji, na sehemu ya kazi hiyo ninayoipenda kuliko zote ni kutembea na wanafunzi katikati ya Nairobi, kuanzia barabara ya Kenyatta Avenue hadi bustani ya Uhuru Park, tukisimama mbele ya majengo ambayo wengi wao wameyapita mara nyingi bila kuyatazama. Vitabu vya watalii huyaeleza majengo hayo kwa mwaka wa ujenzi, jina la msanifu na idadi ya ghorofa. Mimi pia huyataja hayo, lakini huanza na swali jingine: mlango huu ulipofunguliwa mara ya kwanza, nani aliruhusiwa kuupita, na nani aliachwa nje? Swali hilo huufanya mji wote uanze kusema.

Ni vyema kukumbuka kwamba Nairobi haikuzaliwa ili iwe mji mkuu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mwaka 1899 katika tambarare yenye majimaji ambayo Wamaasai waliita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na wahandisi wakapachagua kuwa karakana na ghala la vifaa kabla ya kuanza kupanda nyanda za juu na kuteremka Bonde la Ufa. Mwaka 1902 tauni ilizuka na sehemu ya mji ikachomwa moto ili kuizuia. Hata hivyo mji uliendelea kukua, na mwaka 1905 makao makuu ya utawala wa Kiingereza yakahamishwa kutoka Mombasa. Katika mji huo mpya kila rangi ilitengewa upande wake: Wazungu walichukua miinuko ya magharibi yenye hewa safi, Wahindi walibanana karibu na soko lao, nao Waafrika walisukumwa mashariki, wakihesabiwa kuwa vibarua waliopita tu.

Matembezi yetu huanzia Kipande House, jengo la mawe lililoko Kenyatta Avenue ambalo leo ni tawi la benki. Lilijengwa mwaka 1913 na Gurdit Singh Nayer, na kwa miaka mingi hakukuwa na jengo lililolizidi urefu mjini. Sifa yake ya kudumu, hata hivyo, inatokana na jina. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, na vita vya kwanza vya dunia vilipomalizika ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti kilichoitwa kipande, chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, mshahara wake, na sahihi ya mwajiri huyo siku ya kuanza na siku ya kuacha kazi. Cheti kilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma, nacho kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Aliyekutwa bila cheti alishtakiwa, na aliyeacha kazi bila sahihi ya mwajiri alihesabiwa kuwa mtoro na kutafutwa kama mhalifu.

Jengo hili ndilo lililokuwa kituo cha kuwaandikisha watu hao. Kwa hiyo ni miongoni mwa majengo machache ya Nairobi ya wakati huo ambamo Mwafrika alilazimishwa kuingia. Alipanga foleni, akapakwa wino vidoleni, akatoka amefungwa chuma shingoni. Baadhi ya Wakikuyu walikiita kijaluba hicho kwa jina la kengele ya mbuzi, mbugi, kwa kuwa kilimgeuza mtu mzima kuwa mmoja wa mifugo ya mwenye shamba. Ninawaomba wanafunzi wasikie pia historia ya neno lenyewe. Kabla ya sheria hiyo, kipande kilikuwa kadi ya kibarua iliyotiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na mfanyakazi alikitunza kwa sababu ndicho kilichompatia malipo yake. Serikali ililichukua neno hilo la kawaida na kulifanya jina la pingu. Mfumo huo ulidumu hadi miaka ya 1940, na mpaka leo Wakenya wengi husema "kipande" wanapotaja kitambulisho cha taifa, hata vijana wasiojua kwamba babu zao walikivaa shingoni.

Hasira iliyotokana na kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kazi za lazima, zikiwemo zile za wanawake, ndiyo inayolielezea eneo tunalolifikia baadaye, penye Hoteli ya Norfolk na kituo kikuu cha polisi. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, na ukumbi wake wa mbele ukawa baraza la walowezi. Tarehe 14 Machi 1922 Harry Thuku, kijana aliyeongoza East African Association, chama cha kisiasa cha Waafrika, alikamatwa na kuwekwa katika kituo hicho. Tarehe 16 umati mkubwa ulikusanyika kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliokuwa wakisita, akawaambia kwamba kama hawana ujasiri wavue suruali zao wavae nguo yake, na wanawake wakapiga vigelegele. Polisi walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa katika ukumbi wa Norfolk wakasaidia kufyatua. Serikali ilihesabu waliouawa kuwa 21, huku Waafrika waliokuwapo wakitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli inaitwa Harry Thuku Road. Jambo hilo ni la haki kabisa, ingawa ninaamini jina la Nyanjiru nalo lingestahili kuonekana mahali ambapo damu yake ilimwagika.

Turudi Kenyatta Avenue, kwenye sanamu tatu za shaba ambazo wapita njia huziita tu askari. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1928, ukiwa kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, yuleyule aliyechonga askari wa Dar es Salaam aliyesimamishwa mwaka 1927. Unawakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918, na maneno yake ya Kiingereza yaliandikwa na mshairi Mwingereza Rudyard Kipling. Wapagazi wanaitwa humo miguu na mikono ya jeshi, na askari anaahidiwa kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa katika nchi zenye barabara chache na reli chache, na mbung'o waliwaua farasi, ng'ombe na punda, hivyo chakula na risasi zilipanda mabegani mwa watu. Wanaume waliandikishwa kwa nguvu kwa mamia ya maelfu. Walioangamia walikuwa makumi ya maelfu, na maradhi, hasa ya kuhara na malaria, pamoja na chakula kibaya, yaliwaua wengi zaidi kuliko risasi. Mnara huo unaoahidi kukumbuka jina la kila mtu haukuandikwa jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi hiyo yaweza kufikia 350,000.

Watu wenyewe, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kuweka ukumbusho wao katika lugha. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo ya Waswahili ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo, ambako wapagazi walipiga kambi Dar es Salaam, na Kariokor huku Nairobi. Mama anayenunua ukili na vyondo katika soko la Kariokor anakitaja kikosi hicho kila siku. Sijui mnara wowote wa mawe unaotajwa na watu wengi kiasi hicho.

Hatua chache kutoka kwenye mnara wa askari, kando ya Msikiti wa Jamia, imesimama Maktaba ya McMillan, yenye nguzo ndefu na simba wawili wa mawe wanaolinda ngazi. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan, mlowezi tajiri aliyezaliwa Marekani na kufariki mwaka 1925, na mjane wake, Lady Lucie, ndiye aliyeisimamia azma hiyo, akisaidiwa na fedha za mfuko wa Carnegie. Wasomaji wake walipaswa kuwa Wazungu. Kwa miaka 27 Mwafrika au Mhindi angeweza kuwatazama simba wale kutoka barabarani, lakini hakuweza kukaa mezani kufungua kitabu; mlango haukufunguliwa kwa watu wa rangi zote mpaka mwaka 1958, na mwaka 1962 baraza la jiji likaichukua. Mwaka 1938 ilitungiwa sheria yake yenyewe, ambayo imesaidia kuilinda hadi sasa katika eneo ambalo kila futi ya ardhi inatamaniwa na wajenzi. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na jiji kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Nilifurahi sana kuona kwamba walianza na matawi hayo ya mitaa ya mashariki, ambako waliozuiwa mlangoni ndiko walikoishi.

Karibu na hapo ipo Bustani ya Jeevanjee. Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kandarasi za reli, aliwapa watu wa Nairobi bustani hiyo mwaka 1906 pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1910 akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika baraza la kutunga sheria. Bustani haikuwa na mlango wa kufungwa, na hadi leo makarani hulala nyasini wakati wa chakula cha mchana huku wahubiri wakipaza sauti. Serikali ilipotaka mwaka 1991 kujenga majengo humo, mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuiokoa bustani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, kazi ya kwanza ilikuwa kubadili majina. Delamere Avenue iliitwa Kenyatta Avenue, na sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, ikang'olewa na kupelekwa katika shamba la ukoo wake huko Soysambu. Kazi ya pili ilikuwa kujenga, na jengo lililobeba matumaini hayo ni KICC, yaani jumba la mikutano ya kimataifa la Kenyatta, lililoanza kama wazo la ofisi za KANU, chama kilichotawala, kisha likakua kadiri nchi ilivyotaka kujionyesha kwa ulimwengu. Lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway akiwa pamoja na David Mutiso, miongoni mwa wasanifu wa kwanza Waafrika nchini, na ujenzi ukaendelea kuanzia 1967 hadi 1973. Mnara wake una urefu wa mita 105 hivi, na kando yake kuna ukumbi wenye paa la pia linalomkumbusha mtu nyumba ya msonge, vyote vikiwa na rangi ya chungu kilichochomwa. Septemba 1973 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani vilifanyia humo mkutano wao wa mwaka, na ndipo Robert McNamara, rais wa benki hiyo, alipotoa hotuba yake mashuhuri kuhusu umaskini uliokithiri. Mwaka 1989 jengo hilo la umma likageuka kuwa mali ya chama kilichotawala, na serikali iliyoingia madarakani baada ya uchaguzi wa 2002 ililirudisha mikononi mwa taifa mwaka 2003. Kwa hiyo swali la mlango halikuisha pamoja na mkoloni.

Uhuru Park inathibitisha hilo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga humo jumba la ghorofa 60 la chama na gazeti lake, akatukanwa bungeni, lakini wafadhili wakajitoa na bustani ikabaki. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kufunga kula katika kona iliyoitwa Freedom Corner, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari, laana ambayo kila aliyelelewa katika mila zetu anaielewa. Waliofukuzwa bustanini walivuka na kuingia Kanisa Kuu la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917 ili kuwahudumia Waanglikana wa koloni. Walikaa humo, katika chumba cha chini, kwa takriban mwaka mzima, na wengi wa wana wao wakafunguliwa.

Freedom Corner sasa ina ukumbusho uliozinduliwa Septemba 2015 kwa ajili ya walioteswa na wakoloni wakati wa vita vya Mau Mau, uliogharimiwa na Uingereza kama sehemu ya mapatano ya mwaka 2013 na wazee 5,228 waliodai fidia. Mwanamke anampa mpiganaji wa msituni chakula, lakini kila mmoja ametazama upande wake. Kamwe hakosekani mwanafunzi wa kuniuliza kwa nini hawaangaliani. Waliopeleka chakula msituni hawakutaka kuiona sura ya anayekipokea, ili yeyote atakayekamatwa na kupigwa asiwe na jina la kutaja.